Vipimo Safi, Maumivu Bado Yapo

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo sisi wauguzi tunakutana nalo karibu kila siku ya kliniki, ila ni nadra kuandikwa. Ni habari ya mtu anayeumwa kwa miezi au miaka, akapimwa mara nyingi, na kila mara akaambiwa, "Mama, vipimo vyako viko safi."

Mtu mwenye homa akiambiwa hana malaria hufurahi. Lakini mama ambaye kiuno na tumbo la chini vimemsumbua miaka minne hafurahi hata kidogo. Anajua akifika nyumbani ataulizwa, "Wamekuonaje?" na hana la kujibu. Mbuzi wameuzwa kwa ajili ya nauli na vipimo. Msimu wa kupalilia umefika, na mama mkwe ameanza kusema kwa mafumbo juu ya watu wanaougua wakati wa jembe tu. Hivyo mgonjwa anabeba mizigo miwili: maumivu yenyewe, na kukosa jina la kuyaita. Mara nyingi huu mzigo wa pili ndio unaomtoa machozi mbele yetu.

Maumivu ni kitu gani?

Maumivu ya ghafla yana kazi yake. Ukikanyaga mwiba unainua mguu kabla hujafikiri. Maumivu hayo ni mlinzi, na mwiba ukitolewa na kidonda kikapona, mlinzi hunyamaza. Wataalamu huyaita maumivu ya muda mrefu yale yanayoendelea au kurudi rudi kwa zaidi ya miezi 3. Hapo mambo hubadilika. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo, vikizoea kupitisha habari za maumivu kwa muda mrefu, huzidi kuwa vyepesi kushtuka. Ni kama mbwa wa bomani aliyewahi kuona fisi usiku mmoja. Fisi alikwisha kuondoka zamani, lakini mbwa sasa anabweka hata jani likianguka. Mbwa hadanganyi. Kweli amesikia kitu. Nawe mwenye boma kweli hulali.

Kwa hiyo mgonjwa anapopimwa na kisionekane kidonda wala uvimbe, haina maana kwamba anajifanya. Siku hizi hata vitabu vya utabibu vinakubali hivyo. Tangu Januari 2022 orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, yaani toleo la 11, imeanza kutumika, na humo maumivu ya muda mrefu yamepewa mahali pake. Yako yanayotokana na ugonjwa mwingine, mathalani saratani au kuumia kwa neva, na yako ambayo yenyewe ndiyo ugonjwa. Tunawaomba wauguzi wenzetu wanaosoma ukurasa huu wasiendelee kusema "huna kitu". Neno hilo linaumiza, tena si la kweli.

Kwa nini kipimo kinakuwa safi?

Kipimo hujibu swali lile tu kililoulizwa. Picha ya eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi neva wala misuli iliyokaza. Ultrasaundi huonyesha uvimbe wa kizazi na maji tumboni, lakini haioni vizuri utando mdogo unaofanana na ule wa ndani ya kizazi, ambao kwa wanawake wengine huota nje ya kizazi na kuwatesa kila mwezi wakati wa hedhi. Ugonjwa huo huitwa endometriosisi. Inakadiriwa kuwa unampata mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa duniani, na hata huko Ulaya kwenye mashine nyingi wagonjwa wengi hungoja miaka kabla ya kuupata kwa jina lake. Basi mama wa Misungwi akingoja asidhani ni kwa sababu ya ushamba wake.

Kuna upande wa pili ambao watu wengi hawaujui: kipimo kuonyesha kitu hakuna maana kwamba kitu hicho ndicho kinachouma. Ukiwapiga eksirei ya mgongo wazee wa miaka 60 ambao hawaumwi popote, wengi utawakuta na mifupa iliyolika. Bakteria wa tumbo wanaohusishwa na vidonda vya tumbo wanapatikana kwa watu wengi sana ambao hawana vidonda. Halafu kuna kile kipimo cha damu cha taifodi kinachopendwa sana madukani, kile cha Widali. Kinaweza kuonyesha alama kwa mtu aliyeugua zamani akapona, na hata kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine kabisa. Kipimo hicho kikifanywa mara moja tu hakitoshi kuthibitisha taifodi. Kilicho cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, jambo ambalo haliwezekani kila mahali.

Matokeo yake tunayaona. Mgonjwa anakuja na daftari limejaa: taifodi, U.T.I., taifodi tena, "U.T.I. sugu", "taifodi sugu". Amekunywa dawa za kuua bakteria mara nane kwa mwaka mmoja, na maumivu yako pale pale. Kwa maoni yetu jina la uongo ni baya kuliko kukosa jina, kwa sababu aliyekosa jina bado anatafuta, lakini aliyepewa jina la uongo ameacha kutafuta. Isitoshe, dawa hizo zikitumiwa ovyo bakteria huzizoea, na siku atakapopata ugonjwa wa kweli hazitamsaidia.

Wapo pia wale wanaopita minadani na vimashine. Unashikishwa kijiti mkononi, dakika moja baadaye unaletewa karatasi yenye magonjwa kumi na mawili, na dawa za yote kumi na mawili wanazo hapo hapo kwenye begi. Ndugu zetu, hakuna kijiti kinachoweza kupima ini, figo na kizazi kupitia kiganja.

Kichocho kinachojificha

Hapa tutakaa kidogo, maana ni jambo la kwetu. Katika mwambao wa Ziwa Viktoria kichocho kilichoenea zaidi ni kile cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka katika choo kikubwa. Kichocho cha mkojo kimeenea zaidi huku ndani, penye malambo, madimbwi ya mvua na majaruba ya mpunga, kwa kuwa konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia. Karibu kila mtu huku anajua dalili ya mtoto anayekojoa damu. Wasichojua wengi ni kwamba minyoo hiyo hiyo hutaga mayai yake katika viungo vya uzazi vya mwanamke: ukeni, kwenye mlango wa kizazi, hata kwenye mirija ya mayai.

Msichana aliyechota maji lamboni na kupandikiza mpunga tangu utoto anaweza kuja kuumwa akiwa na miaka 20 au 35. Anaumwa tumbo la chini na kiuno. Anatokwa uchafu ukeni. Anaumia na kutoka damu anapokutana na mumewe. Wengine hukosa watoto au mimba hutoka. Mkojo wake ukipimwa unaweza kuwa safi kabisa, kwa sababu mayai yamekwama ndani ya nyama na hayatoki na mkojo. Sasa fikirini yanayofuata. Katika zahanati dalili hizo zinafanana na magonjwa ya zinaa, naye anapewa dawa za zinaa. Haponi. Anapewa tena, na safari hii anaambiwa aje na mwenzake. Mume anauliza, "Ugonjwa huu umeutoa wapi?" Tumeona ndoa zikitikisika kwa ajili ya minyoo iliyotoka lamboni.

Ugonjwa huu si mpya. Minyoo ya kichocho iligunduliwa mwaka 1851 mjini Kairo na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiyo maana wazee waliosoma zamani bado wanasema bilhazia. Mwaka 1899 huko huko Misri daktari Madden alikwisha kuandika habari za mwanamke mwenye kichocho cha ukeni. Ni zaidi ya miaka 120 sasa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kijitabu cha picha ili kuwasaidia watumishi wa afya kuyatambua mabaka yake, ambayo mara nyingi huonekana kama chembe za mchanga kwenye mlango wa kizazi. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 katika Afrika wanao ugonjwa huu. Ila wengi wetu hatukufundishwa habari zake chuoni.

Basi mama mwenye dalili hizo aseme wazi mbele ya daktari au muuguzi: "Nimekulia penye malambo, niliwahi kukojoa damu utotoni, je, haiwezi kuwa kichocho?" Swali hilo moja linaweza kumwokoa na miaka mingi ya dawa zisizo zake. Aombe achunguzwe mlango wa kizazi kwa macho. Uchunguzi huo pia hutazama dalili za saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nayo huleta damu na maumivu. Mkojo ukipimwa, ni vizuri utolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Dawa yake ni prazikwanteli, na vidonge hupimwa kwa uzito wa mwili. Huko shuleni watoto hupewa kwa kampeni, ila akina mama hukosa, kwa hiyo waulize wenyewe.

Yafaa tuseme kweli yote. Prazikwanteli huua minyoo mikubwa. Mayai yaliyokwisha kukwama na makovu yake hayaondoki mara moja, na kwa wengine hubaki. Kwa hiyo mama anaweza kupata jina sahihi, akapata dawa sahihi, na bado akaumwa. Tunalisema hili kwa sababu wagonjwa wengi wanaamini kwamba siku jina litakapopatikana maumivu yatakwisha. Si hivyo kila mara.

Tusisahau watoto. Mtoto wa huku Kanda ya Ziwa anayelia miguu na mikono mara kwa mara, macho yakawa ya manjano, naye akaambiwa ana baridi yabisi au anadeka, apimwe siko seli. Kipimo hicho kina jibu la wazi, na hakuna sababu ya mtoto huyo kukaa miaka bila jina.

Kutafuta adui

Maumivu yasipopata jina hospitalini, watu huyatafutia jina kwingine. Wapo watakaosema ni chango, na huku Usukumani wengine husema nzoka, yaani nyoka wa tumboni. Majina hayo hatuyachukii. Mama akituambia ana chango tunamwelewa mahali anapoumwa. Linalotutia hofu ni pale swali linapogeuka kutoka "ninaumwa nini?" na kuwa "nani ameniroga?" Mpiga ramli halali njaa kwa swali hilo. Atataja jirani, au shangazi, au bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka hamsini jikoni. Katika mikoa yetu hii vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku shughuli za wapiga ramli kutokana na mauaji ya ndugu zetu albino. Lakini sheria haifiki chumbani kwa mgonjwa usiku. Anayefika ni mwana, au kaka, au mjomba anayesema, "Twende kwa fulani tukaulizie." Ninyi ndio mnaoweza kukataa.

Aidha wapo wanaoambiwa katika mikesha kwamba mwenye imani ya kweli atupe dawa. Kanisa letu halifundishi hivyo. Hospitali hizi za misheni tunazofanyia kazi zisingejengwa, wala Bugando isingefunguliwa mwaka 1971, kama sala na dawa vingekuwa maadui.

Kwanza tuondoe hatari

Kukubali kuishi bila jina hakuji kwanza. Kwanza ni kuhakikisha hakuna hatari iliyojificha. Mgonjwa mwenye maumivu ya muda mrefu arudi hospitali upesi, asingoje tarehe yake, iwapo anakonda bila sababu, anapata homa za jioni au kutokwa jasho usiku, anahisi uvimbe, anaona damu kwenye choo, au anatokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi. Maumivu ya mgongo pamoja na homa au kikohozi yanaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Miguu ikifa ganzi, au mkojo na choo vikishindwa kuzuilika, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Hapo ndipo rufaa ya kwenda Sekou Toure au Bugando isipodaiwa kwa upole tu, idaiwe kwa nguvu.

Hatari hizo zikishatazamwa na zisionekane, safari za kupima zipunguzwe. Hili linawaudhi wengi, hasa ndugu walioko mjini wanaotuma fedha na kusema, "Apimwe kila kitu." Hakuna kipimo cha kila kitu. Kila kipimo cha ziada kina uwezekano wa kuonyesha kijambo kidogo kisicho na maana, na hicho kitaleta hofu mpya na dawa mpya. Afadhali kuchagua hospitali moja na daktari mmoja, mkapanga tarehe za kurudi hata kama hakuna jipya. Ugonjwa ambao leo haujajitokeza unaweza kujitokeza baada ya miezi sita, na anayekufahamu ndiye atakayeona tofauti.

Mbele ya daktari

Daktari siku hizi anaweza kuwa kijana wa umri wa mwanao. Usione haya, wala usinyamaze kwa heshima. Mwulize, "Mwanangu daktari, ni magonjwa gani mmeshahakikisha sina? Ni yapi bado mnayafikiria? Nikiona nini nirudi mapema?" Akisema, "Mama, kwa kweli bado sijajua," usimdharau. Sisi tunampenda zaidi daktari wa namna hiyo kuliko yule anayeandika taifodi ili foleni isogee.

Na dawa ya maumivu isingoje jina. Unaweza kutibiwa maumivu huku chanzo kikitafutwa. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima. Diklofenaki na jamii yake zikitumiwa kwa miezi zinaweza kuchoma tumbo hadi kutoa damu na kuharibu figo, kwa hiyo msizinunue kila siku ya gulio kama mnavyonunua dagaa. Mjihadhari pia na vidonge vya kuchanganya visivyo na jina ambavyo hutuliza siku moja na kunenepesha uso. Mara nyingi humo mna dawa za jamii ya steroidi, ambazo ni hatari kuzimeza bila daktari, na ni hatari pia kuziacha ghafla. Daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kiasi kidogo jioni. Usishtuke ukiambiwa na mtu kuwa ni dawa ya sonona. Kwa kiasi kidogo hutuliza neva na kuleta usingizi, na inahitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake. Hakuandikiwi kwa sababu umeonekana umechanganyikiwa.

Kuhusu kazi, wapo wanaolala kitandani kutwa, na wapo wanaojikaza siku wanapopata nafuu, wakalima ekari nzima, kisha wakalala siku nne. Njia zote mbili huzidisha maumivu. Palilia matuta machache, pumzika kabla maumivu hayajakuamrisha, kisha endelea. Ndoo ya lita 20 igawe mara mbili. Tembea kila siku hata kidogo, maana misuli isiyotumika huuma yenyewe. Wenye nyumba waelezwe mpango huu, la sivyo wataona mama anapumzika saa tatu asubuhi na kusema yale yale ya uvivu. Mume akija naye kliniki siku moja tu, akasikia kwa masikio yake, husaidia kuliko barua yetu.

Mwisho kuna daftari. La kurasa 40 linatosha. Kila jioni andika maneno machache: pameuma wapi, kwa kiasi gani kati ya sifuri na kumi, siku ya ngapi ya hedhi, ulifanya kazi gani, ulilala vipi, ulimeza nini. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule amwandikie, au achore vijiti. Baada ya miezi miwili daftari hilo huonyesha mambo ambayo mashine haikuonyesha: kwamba maumivu huja siku mbili kabla ya hedhi, au kila baada ya kupandikiza, au wiki ile ya ugomvi na mawifi. Lifunge pamoja na vyeti vyote vya zamani na majina ya dawa ulizokwisha kumeza, na siku ya kliniki lipitishe dirishani kabla ya kuanza kueleza.

Toleo lijalo, Mungu akitujalia, tutaeleza namna ya kujikinga na kichocho katika majaruba wakati wa kupandikiza.